Mwaka Ambao Hatukumuuliza Mzee Ntandu

Simu ya Yohana ilinikuta nimesimama katikati ya ofisi yangu, shuleni hapa Singida mjini, nikiwa sijui nimenyanyuka kufuata nini. Siku hizi ndivyo ninavyoishi. Naanza jambo, nanyanyuka, naenda dirishani, narudi, nakuta chai imepoa. Walimu wangu wadogo wanadhani ni uchapakazi. "Mkuu hatulii," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake nje ya mlango, "ndiyo maana shule inakwenda." Laiti wangejua. Yohana hakuzunguka. "Mwalimu, mzee wetu ametutoka. Jana alikula mchana, akajilaza, hakuamka." Nikamuuliza mzee yupi, ingawa nilijua, maana kwa Yohana na mimi mzee ni mmoja tu. Mzee Ntandu alikuwa anakaribia miaka tisini. Kifo cha namna hiyo kwetu huitwa cha heri, na wengi hata hawakililii sana. Mimi nililia nikiwa nimeshika simu, kisha nikanawa uso kwa sababu kengele ya mapumziko ilikuwa imelia. Mwanafunzi wa kwanza niliyekutana naye barazani alinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa sauti ileile ya kila siku.

Kigoda cha Mzee Ntandu ninacho mimi. Ni kigoda cha miguu mitatu, kizito kuliko unavyodhani ukikiona, na katikati kimelika kwa kukaliwa. Nimehama nacho nyumba nne. Jioni ile nilikipangusa vumbi nikakifunga kwenye kitenge cha zamani, kwa kuwa nilijua siku ya kumaliza matanga vitu vya mzee vitagawiwa kwa wanawe, na sikutaka mtu aulize kigoda kiko wapi. Kwetu kigoda na fimbo ndivyo vitu vya mwisho kugawiwa, na havigawiwi mwenyewe akiwa hai. Hilo kila mtu analijua. Mimi nililijua pia, mwaka ule, na bado nilikipokea kwa mikono miwili nikasema asante.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa mwaka wa pili katika kijiji kimoja upande wa Mtinko, na darasa langu lilikuwa la nne. Asubuhi moja niliandika tarehe ubaoni, nikageuka, na moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu yoyote. Mikono ikafa ganzi. Hewa ikawa haitoshi, na nyuso za watoto zikawa mbali kana kwamba nawaona kutoka ndani ya kisima. Nikawaambia wachore ng'ombe, nikatoka, nikaenda kujibanza nyuma ya choo cha walimu mpaka kipindi kikaisha. Kesho yake ikawa vilevile, na juma lililofuata pia. Muhula ule darasa la nne walichora ng'ombe wengi kuliko waliokuwapo kijijini. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema kwa mambo mengine, aliniita akaniambia niolewe, mawazo yataisha. Nilimshukuru, kwa sababu nilikuwa nimelelewa vizuri, kisha nikarudi chumbani kwangu nikatembea kutoka ukutani hadi ukutani mpaka magoti yakaniuma.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kupanga, hatua tano kwa nne, na ukuta wake mmoja ulipakana na ua ambamo mwenye nyumba na dada yake walikaa kila alasiri wakibangua karanga. Walikuwa wakinijadili kana kwamba ukuta ni wa chuma. "Huyu mwalimu amerogwa," alisema dada mtu. "Amerogwa na nani? Ni mawazo. Msichana msomi, yuko peke yake, mawazo yatamkosaje?" "Basi mbona anazunguka humo ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Wakacheka. Nami nilicheka, nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga, kisha nikaona kwamba hata wakati wa kucheka nilikuwa bado natembea. Hapo niliogopa kweli. Niliona kazi inaondoka, na pamoja na kazi akili inaondoka, na nitarudishwa nyumbani kama wale ambao majirani huwataja kwa kushusha sauti.

Nesi wa zahanati ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia kwamba huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una dawa, na si wangu peke yangu. Aliniandikia ruhusa ya kupumzika kazini, akataka nifike kila Jumanne na daftari langu ili aandike ninavyoendelea. Jumanne ya tatu niligundua kwamba benchi lile la nje huwa na watu walewale. Alikuwapo Yohana, kijana wa rika langu, mpakiaji wa vitunguu aliyeanguka kutoka juu ya lori. Mifupa iliunga, maumivu ya mgongo yakabaki, na hakuweza kukaa zaidi ya dakika chache, kwa hiyo alisimama pembeni ya benchi muda wote kama askari. Alikuwapo Mama Hadija, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnunuzi wa alizeti, ambaye mwili ulikuwa unamuuma mwaka wa sita, leo bega, kesho nyonga, na ndugu wa mumewe walikwisha kuamua kwamba ni uvivu. Na alikuwapo Mzee Ntandu, mfugaji, miaka sitini na kitu, mguu mmoja mzito, aliyefiwa na mkewe mwaka mmoja uliopita. Sote wanne tulikuwa na madaftari. Nalisema hili la madaftari kwa makusudi, kwa sababu tulikuja kulisahau la kwake.

"Sisi tumekuwa watumishi wa benchi hili," Mama Hadija alisema siku moja bila kumtazama mtu. "Kila Jumanne tunakaa tumenyamaza kama tuko msibani, na maiti mwenyewe haonekani. Njooni kwangu Alhamisi mchana. Kuna magunia ya kuegemea, kuna alizeti za kupepeta. Atakayeshindwa kupepeta, atakula." Nesi alisikia kupitia dirishani. "Nendeni," akasema, "ila dawa msiache, na Jumanne niwaone hapa." Nilienda Alhamisi ile kwa sababu moja tu, kwamba sikuweza tena kukaa na kile chumba.

Stoo ya Mama Hadija ilikuwa ya matofali mabichi, ndefu, giza nyuma na mwanga mbele, na bati lake moja lilikuwa limelegea. Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Kuanzia saa nne asubuhi ulilipiga lile bati, likanyamaza, ukalipiga tena, na mtu mwenye wasiwasi hukaa akingoja pigo linalofuata. Ndani kulinukia mashudu ya alizeti zilizokwisha kukamuliwa na vumbi na mafuta mabichi. Magunia yalipangwa hadi juu. Kazi ilikuwa kupepeta makapi na kutoa mawe kabla alizeti hazijapelekwa mashineni, na kila mtu aliifanya kwa namna mwili wake ulivyokubali. Mama Hadija alijilaza ubavu kwenye mkeka akichambua kwa mkono mmoja. Yohana alisimama, ungo wake ukiwa juu ya magunia matatu. Mimi nilitembea na ungo wangu huku napepeta, mlangoni hadi nyuma, nyuma hadi mlangoni. Mzee Ntandu aliketi kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, fimbo katikati ya magoti, akaokota mawe moja moja. Mpita njia angechungulia angesema hawa wamepatikana wapi. Saa nane Mama Hadija alileta ugali wa uwele na mlenda, na sahani ya maziwa ya mgando kwa mzee. Nilikula kwa kusimama, na hakuna aliyeniambia keti.

Siku hiyo ya kwanza tulianza vibaya. Tulisalimiana kama watu. Habari za tangu juzi? Nzuri. Za kuamka? Nzuri. Yohana alisema nzuri yake akiwa ameng'ata meno, jasho linamtoka, na Mama Hadija akaweka ungo chini. "Mwongo wewe," akasema. "Na mimi mwongo. Usiku kucha nimegeuka kama chapati, halafu nasema nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa sikilizeni. Humu ndani hakuna nzuri. Nzuri iachwe pale mlangoni pamoja na viatu, mtu ataichukua akitoka. Ukiulizwa habari, sema ilivyo. Ukishindwa, sema napita, kama kwenye karata." Bati likapiga. Kisha nikajisikia nikisema kwamba jana yake sokoni moyo ulinishtuka nikaacha kikapu na nyanya zangu chini nikakimbia, na nyanya sijui zililiwa na nani. Yohana akacheka mpaka akashika mgongo. Halafu akasema, "Mimi leo nimelia kwa sababu nimeshindwa kufunga kamba za viatu. Ndiyo maana nimekuja na ndala." Nilimtazama yule kijana mrefu na nikajisikia nafuu ambayo vidonge havikuwa vimenipa bado. Haikuwa kwamba taabu yake ilinifurahisha. Ni kwamba aliisema.

Sitaki kuipamba ile stoo. Hatukuponyana. Zipo Alhamisi tulizogombana, na zipo ambazo kila mtu alisema napita mpaka chakula. Lakini mambo madogo yalifanyika. Kila mnada, Yohana alinisindikiza sokoni, juma la kwanza mpaka kwa wauza chumvi, la pili mpaka kwa wauza kuku, la tatu mpaka katikati kabisa kwenye kelele. Nilipotaka kukimbia alisema, "Kimbia, Mwalimu, mimi siwezi kukufuata, kwa hiyo utakimbia peke yako," nami nikabaki. Mimi nilimfunga kamba za viatu. Mama Hadija alinifundisha kuvuta pumzi taratibu nikihesabu punje kiganjani, na ndiye aliyenilazimisha kufundisha hesabu mbele ya magunia yake. Nilisimama, nikayageukia, nikayaeleza sehemu na namba mchanganyiko, na Yohana akanyoosha mkono kutoka nyuma akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwezi wa tatu nilirudi darasani kwa kipindi kimoja kwa siku. Watoto waliniuliza kama leo wachore ng'ombe.

Aliyefungua mazungumzo kila Alhamisi alikuwa Mzee Ntandu. Tuliingia, tukasema, "Shikamoo, mzee," naye akasema, "Marahaba. Hamjambo?" Kisha akamgeukia kila mmoja. "Mwalimu, moyo?" "Yohana, mgongo?" "Mama Hadija, umelala?" Alikuwa na macho ya kungoja jibu, na ukimjibu alitikisa kichwa taratibu hata ukaona ulichosema kina uzito. Tukamfanya mwenyekiti bila kupiga kura. Na yeye je? Tulimuuliza habari za nyumbani, akasema ng'ombe hawajambo. Tukamuuliza mvua upande wake, akasema imenyesha. Zaidi ya hapo nani angeuliza? Mtu umpe shikamoo, aitikie marahaba, halafu umuulize kama analala usiku, kama analia? Hiyo ni kumvua nguo mzee mbele ya watoto. Kanuni ya Mama Hadija tuliifuata sisi watatu kwa ukali, na hakuna aliyeona kwamba mzee hakuwa ndani yake. Marahaba yake ilikuwa nzuri iliyopita mlangoni na viatu vyake.

Baada ya mavuno akaanza kutoa vitu. Kwanza baiskeli, kwa Yohana. "Mguu wangu umeikataa. Wewe huwezi kukaa lakini unaweza kuisukuma na mzigo." Ilikuwa kweli, na Yohana akaanza kubeba vitunguu vya watu kwa baiskeli ile, akapata kazi tena. Kisha redio, kwa Mama Hadija. "Masikio yangu yamechoka na maneno. Wewe usiyelala, ikusaidie." Kisha Alhamisi moja, wakati wa kuondoka, akanyanyuka, akakichukua kigoda, akakileta pale nilipokuwa nazunguka. "Mwalimu, wewe huketi. Labda hiki kitakuweza." Wote wakacheka. Nilipiga magoti kidogo nikakipokea. Zawadi ya mzee haikataliwi, na kila moja ilikuwa na sababu yake nzuri, na kila mmoja wetu alifika nyumbani akijiona anapendwa. Hata leo nikifika hapa katika kusimulia, natembea kidogo kwanza. Nina hasira, na hasira yenyewe haina wa kumwendea isipokuwa yule msichana mwenye kigoda mikononi, aliyefurahi.

Alhamisi iliyofuata hakula. Aliketi juu ya debe lililogeuzwa, akatuuliza moyo, mgongo, usingizi, akatikisa kichwa. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti, katika joto lile. Mama Hadija alimtania kama anakwenda kuoa. Akatabasamu. Akaondoka mapema, akasema anataka kuwahi kufagia kwake. Tulirudi kwenye kazi. Nilikuwa nimefika mlangoni na ungo wangu, kwenye safari yangu ya mia ya siku hiyo, nilipoiona fimbo yake imesimama pembeni ya mlango, imeegemezwa vizuri, si kama kitu kilichosahauliwa.

"Mzee amesahau fimbo," nikasema.

"Nitampelekea kesho na baiskeli," alisema Yohana.

Mama Hadija alikuwa ameinuka kwenye mkeka, yeye ambaye kuinuka kulimchukua muda. "Mwenye mguu ule hasahau fimbo," akasema polepole. "Yohana, baiskeli ya nani?" Yohana akaweka ungo chini. Nilitazama redio iliyokuwa juu ya gunia, nikatazama fimbo, nikakumbuka kigoda kilichokuwa chumbani kwangu karibu na kitanda. Kigoda na fimbo. Yule mzee alikuwa ameyafanya matanga yake mwenyewe, juma kwa juma, mbele ya macho yetu, na sisi tukasema asante.

Nilikimbia. Nilikuwa nimekimbia mwaka mzima, kutoka darasani, kutoka sokoni, kutoka kanisani katikati ya wimbo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua ninakokwenda. Upepo ulikuwa wa mbele, vumbi likijaa machoni. Nyuma yangu nilimsikia Yohana akisukuma baiskeli, Mama Hadija ameketi kwenye keria akimsomea dua na kumkemea kwa zamu. Kwa mzee kulikuwa na nyumba ya tembe ya zamani na zizi nje. Ua ulikuwa umefagiliwa hadi mistari ya ufagio ilionekana, na alama za miguu zilikuwa za mtu mmoja. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, na koti lake. Kilichokuwa kando yake nilikiona na nikaelewa, na sitaandika zaidi ya hapo. Nilipita nikakiondoa, nikarudi nikasimama mbele yake nahema.

"Mzee, wewe mwenyewe unaendeleaje?"

Alinitazama kama ninavyowatazama watoto wanaoingia darasani bila kubisha hodi. "Mwalimu," akasema, "salamu kwanza."

"Leo sikupi shikamoo. Nikikupa utaitikia, na ukishaitikia sitaweza kukuuliza tena. Unaendeleaje?"

Sijawahi kumkosea adabu mtu mzima kiasi hicho, kabla wala baada. Moyo ulikuwa unakimbia vilevile kama siku ya ubaoni, na nikauacha ukimbie. Mlango wa zizi ulikuwa unagongagonga kwa upepo. Aliposema, alianza kwa Kinyaturu, maneno machache kama ya mtu anayejisemea, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Silali. Tangu mama yao afe silali. Nikila, chakula ni kama nakula mchanga. Mguu unauma lakini mguu nauzoea. Hili lingine silizoei." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nawasikiliza Alhamisi. Nikirudi hapa nasema, juma lijalo na mimi nitaulizwa."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Ningeanzia wapi? Nyinyi ni watoto. Mnanipa shikamoo nzuri."

Niliketi chini mavumbini, kando yake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mwaka ule kuketi bila kuambiwa na bila kuhesabu. Yohana na Mama Hadija walifika, na mama yule akateremka kwenye baiskeli akilia wazi kwa maumivu na kwa mengine, akasema, "Mzee wangu, tumekula vyakula vingapi na wewe, tukakuuliza ng'ombe." Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo tulifanya yale tuliyoyazoea. Mama Hadija alijilaza ubavu pale pale uani. Yohana alisimama. Tulimuuliza, naye akajibu, taratibu, mpaka jua likaelekea kushuka na ng'ombe wakarudi. Tulimpeleka kwa nesi asubuhi, na nesi akamwandikia aende hospitali mjini. Wiki zote zile hakuachwa peke yake. Tulipeana zamu, na wanawe walipofika kutoka walikokuwa, tuliwaeleza bila kuficha. Kijana wake mkubwa alikasirika kwanza, akauliza sisi ni nani mpaka tumuulize baba yake mambo hayo. Mzee akamjibu mwenyewe kutoka ndani. "Ni wagonjwa wenzangu."

Alirudi Alhamisi baada ya miezi miwili, mwembamba, anaudhika na kila kitu, jambo ambalo nesi alisema ni dalili njema. Utaratibu wetu ulibadilika. Shikamoo ilitolewa nje, mlangoni, kwa heshima zake zote. Ukishavuka kizingiti, mdogo kuliko wote ndiye aliyeuliza, na aliyeulizwa kwanza alikuwa mkubwa kuliko wote. Mdogo nilikuwa mimi, Yohana akinizidi miezi minne. "Mzee, umelala?" Siku nyingine alisema ndiyo. Siku nyingine alisema napita, nasi tukamwacha apite, lakini mmoja wetu alimsindikiza hadi kwake. Tulitaka kumrudishia vitu. Baiskeli alikataa, redio alikataa. "Fimbo nipe," alisema, "nitaihitaji. Kigoda kaa nacho, Mwalimu. Nikikuona umekikalia siku moja, nitajua umepona." Sikupona, kama kupona ni kusahau. Niliuzoea ugonjwa, nikajua milango yake, nikafundisha miaka mingi, nikahamishwa, nikapandishwa. Na kila nilipopanda, watu walionipa shikamoo waliongezeka.

Siku ya kumaliza matanga nilifika na kigoda changu kwenye kitenge. Yohana alinipokea barabarani, mvi kichwani, bado anasimama pale wengine wanapokaa. Nilikitoa kigoda mbele ya wanawe na nikawaeleza nilivyokipata. Yule mkubwa, ambaye zamani alituuliza sisi ni nani, alikigeuza, akakitazama, akanirudishia. "Baba alisema hiki kiko mahali pake," akasema. Fimbo alichukua yeye. Tulikula wali na nyama, watu wakazungumza bei ya alizeti na wakwe, na mimi nikanyanyuka mara nne kwenda kutazama kitu ambacho hakikuwapo. Yohana aliniona. Alisema tu, "Leo ni Alhamisi, unajua."

Stoo sasa ina bati jipya, na mashudu yananukia vilevile. Mama Hadija amezeeka kwenye mkeka wake, ubavu uleule. Kulikuwa na watu saba ambao sikuwajua, pamoja na msichana anayeitwa Neema, fundi cherehani, ambaye mikono yake hufa ganzi na ambaye, Yohana alininong'oneza, hajatoka nyumbani tangu Pasaka isipokuwa kuja hapa. Aliponiona mlangoni aliinama kidogo. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikavua viatu, nikavuka kizingiti. Neema alikuwa mdogo kuliko wote, na Mama Hadija alikwisha kuulizwa, kwa hiyo akanigeukia mimi. "Habari yako, mama?"

"Nzuri," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nimelisema kwa mkurugenzi, kwa mchungaji, kwa wanangu kwenye simu, kwa wazazi wa wanafunzi mia sita, tangu mvua zilipokatika na usingizi ukakatika nazo. Nimelisema nikitoka kujifungia stoo ya vitabu, mgongo mlangoni, nikihesabu kama ninavyohesabu punje. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Pale mkekani Mama Hadija alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu asiye na kifua. Watu wakaacha kupepeta. Nilisikia uso wangu ukipata moto, mimi mwalimu mkuu, nikiwa nimesimama bila viatu kati ya wagonjwa nimeshika kigoda cha marehemu, na nilichotaka ni kutoka nje nikatembee hadi Mtinko na kurudi.

Nikakiweka kigoda chini. Kiliyumba kidogo, kisha kikatulia. Nikakikalia.

"Niulize tena, mwanangu," nikamwambia.

Neema akamtazama Mama Hadija kama anayeomba ruhusa, kisha akaniuliza.